Askari Aliyekufa na Kalenda ya Mwanafunzi: Kumbukumbu za Vita kati ya Kamituga na Bukavu

Utangulizi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo siku za kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi si chache. Tarehe 4 Januari ni siku ya wafia uhuru waliouawa Leopoldville mwaka 1959. Tarehe 16 Januari ni ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001, na tarehe 17 ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tarehe 2 Agosti, siku vilipoanza vita vya pili vya Kongo mwaka 1998, ilitengwa kwa sheria ya Desemba 2022 kuwa siku ya wahanga wa mauaji yaliyofanywa kwa tamaa ya mali ya nchi. Hata hivyo, msomaji akiipitia orodha hii yote hataiona siku iliyo ya askari wa kawaida aliyefia vitani, yule asiye na cheo wala jina kubwa, aliyeondoka kijijini kwao na asirudi.

Husemwa mara kwa mara kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu hawazijali siku hizo; kwamba wao huzipokea kama siku za kufua nguo, kusoma kwa ajili ya mtihani, au kurudi nyumbani ikiwa barabara inapitika. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haielezi kitu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuutazama mkoa wa Kivu Kusini na hasa njia iendayo kutoka Bukavu hadi mji wa machimbo wa Kamituga, kwamba tatizo si usahaulifu wa vijana. Siku za kitaifa zinamtaka mwanafunzi atukuze, na mwanafunzi wa Kivu ana habari nyingi mno za askari kiasi cha kutoweza kutukuza tu. Ana maiti wa kumlilia na ana maswali ya kumwuliza, na sherehe haimpi nafasi ya kufanya yote mawili.

Kalenda na watawala wake

Jambo la kwanza analolijua mwanafunzi yeyote wa historia ni kwamba sikukuu za jeshi nchini mwetu zimefuata watawala. Wakati wa Zaire, tarehe 17 Novemba ilikuwa siku ya majeshi, ikifuatiwa wiki moja baadaye na tarehe 24 Novemba, kumbukumbu ya siku Mobutu alipotwaa madaraka mwaka 1965. Mwaka 1997 sikukuu hizo zilikwisha pamoja na serikali iliyoziweka, na mahali pake ikaja tarehe 17 Mei, siku majeshi ya AFDL yalipoingia Kinshasa.

Mabadiliko hayo yaliwagusa marehemu pia. Askari aliyekufa akiitetea Zaire alipoteza siku yake pale jina la Zaire lilipofutwa. Vijana waliokufa wakipigana dhidi yake ndio waliopewa siku mpya, lakini hata wao walikumbukwa kwa jumla tu, kama washindi. Wengi wa vijana hao walitoka Kivu. Waliitwa *kadogo*, neno la Kiswahili ambalo tangu mwaka 1996 limeingia katika historia ya nchi nzima, nao waliacha madawati ya shule na kutembea kwa miguu kulivuka bara hadi Kinshasa. Wako walioishia njiani, na wako waliokufa katika mapigano makali ya Kenge, Mei 1997, siku chache tu kabla ya ushindi. Mwanafunzi anayekaa Bukavu tarehe 17 Mei anaweza kuwa na kaka au mjomba miongoni mwao. Sherehe ilimwambia kwamba nchi imekombolewa. Haikumwambia mjomba wake amezikwa wapi.

Isitoshe, aliyempiga risasi Rais Kabila tarehe 16 Januari 2001 alikuwa mmoja wa walinzi wake mwenyewe, kijana wa kundi lilelile la makadogo. Kwa hiyo siku mbili za kitaifa zimewahusu vijana hao, moja kama wakombozi na nyingine kama kivuli kisichotajwa.

Askari waliokwenda mbali

Tukirudi nyuma zaidi, tunakuta kwamba kunyimwa jina ni jambo la zamani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Ziwa Kivu lilikuwa mpaka wa mapigano. Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi Septemba 1914 na wakakishika hadi 1916, mwaka ambao vikosi vya Force Publique vilivuka Rusizi, vikapita Rwanda na Burundi, na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi. Inakadiriwa kwamba wapagazi 260,000 hivi walitumikishwa na jeshi la Kongo katika vita hivyo, nao walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa kuliko kwa risasi. Ubelgiji imeendelea kuwakumbuka wafu wake kila tarehe 11 Novemba, na huko Schaerbeek, Brussels, uko mnara uliosimamishwa mwaka 1970 kwa ajili ya majeshi yaliyopigana Afrika. Vijijini Kivu, walikotoka wapagazi wengi, hakuna kitabu cha majina yao.

Hali hii si ya Kongo pekee. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, lakini haina orodha ya watu. Kumbukumbu ya wapagazi wa upande wa Waingereza imehifadhiwa vizuri zaidi na lugha kuliko shaba: jina la Kariakoo, ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam hulitamka, limetokana na kambi ya kikosi cha wapagazi.

Katika vita vya pili vya dunia askari wa Kongo walipigana Uhabeshi, ambako majeshi ya Kiitalia yalisalimu amri mbele yao huko Saio Julai 1941, na hospitali ya kijeshi kutoka Kongo ilihudumu hadi Burma. Waliobaki nyumbani nao walikuwa vitani kwa namna yao. Tangu mwaka 1942 siku za kazi za lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na katika nchi ya Walega maana ya vita ilikuwa ni dhahabu. Kamituga, uliokuwa chini ya kampuni ya Minière des Grands Lacs, ulikwisha kuwa mji wa kambi za wafanyakazi. Kati ya mchimbaji aliyefukiwa na udongo kwa ajili ya vita na askari aliyeanguka mbali, ni nani aliyekufa kwa ajili ya vita hivyo? Kalenda haijauliza swali hilo. Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipozuru Kinshasa, alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa vita hivyo aliyekuwa na umri wa miaka 100. Lilikuwa tendo la heshima, lakini heshima iliyongoja hadi abaki mmoja imechelewa.

Bunduki ndani ya chuo

Sababu ya pili inahusu wanafunzi wenyewe kama tabaka lenye historia yake. Wanafunzi wa Kongo wana siku zao za maombolezo, na katika siku hizo askari hayuko upande wa waliokufa. Hata tarehe 4 Januari yenyewe, ambayo ni ya taifa zima, inawakumbuka raia waliopigwa risasi na majeshi ya Force Publique, yaani na Waafrika wenzao waliovaa sare chini ya maofisa wa Kibelgiji.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliandamana Kinshasa wakidai hali bora ya maisha, na jeshi likawafyatulia risasi. Idadi ya waliokufa haikuwahi kukubaliwa na wote. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao walipokusanyika kuwakumbuka, serikali ilikifunga chuo na kuwaandikisha wanafunzi jeshini kwa nguvu. Agosti mwaka huohuo vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Chuo cha Ualimu cha Bukavu kikawa sehemu ya mfumo huo.

Tukio la 1971 linastahili kutafakariwa kuliko linavyotafakariwa. Waliovikwa sare walikuwa wanafunzi ambao kosa lao lilikuwa kuadhimisha siku ya wafu. Kwa amri moja, waombolezaji waligeuzwa kuwa askari wa jeshi lililowaua wale waliokuwa wakiombolezwa. Kizazi hicho kilijifunza mambo mawili: kwamba maadhimisho yasiyoamriwa na dola ni hatari, na kwamba sare ya jeshi inaweza kuwa adhabu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliohusishwa na kikosi cha rais waliwashambulia wanafunzi katika mabweni ya Lubumbashi, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire kwa sababu hiyo. Somo lilirudiwa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesimama pembeni siku ya jeshi si lazima awe mzembe. Huenda anafuata, bila hata kujua, desturi ya chuo iliyozaliwa na mambo haya. Anayemtaka aimbe sifa za askari hana budi kwanza kukiri kwamba askari amewahi kuingia bwenini usiku.

Barabara ya Kamituga

Historia ya vyuo vyote vya Kongo inaeleza kiasi, lakini Kivu ina uzito wake wa pekee. Kamituga uko kilomita zipatazo 180 kutoka Bukavu, katika wilaya ya Mwenga. Mwanafunzi wa Kamituga aliyekuja kusoma Bukavu, ama katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1989, ama katika Chuo Kikuu cha Kiinjili cha mwaka 1991, ama katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, amepita katika nchi ambayo kila kituo kina wafu wake.

Bukavu wenyewe ni mji wa mapigano. Mwaka 1964 Kanali Léonard Mulamba aliwazuia Simba wasiuteke. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliutwaa, na jeshi la taifa likaurudisha Novemba kwa gharama ya maisha ya askari wengi. Oktoba 1996 mji uliingia mikononi mwa AFDL, na tarehe 29 ya mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Juni 2004 uliporwa na wanajeshi wa Nkunda na Mutebutsi. Februari 2025 ulitekwa na M23. Katika mwaka huo Bukavu na Kamituga zikawa pande mbili za mstari wa vita, na kusema hadharani ni askari yupi astahiliye heshima likawa jambo la usalama wa mtu, si la adabu tu.

Ukitoka Bukavu kuelekea Kamituga unapita Kilungutwe na Kasika. Huko, tarehe 24 Agosti 1998, raia waliuawa kwa wingi, akiwemo Mwami François Mubeza wa Lwindi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 inataja wafu zaidi ya 1,000. Mauaji hayo yalikuja baada ya Mai-Mai kuwavizia na kuwaua maofisa wa upande wa RCD. Novemba 1999, Mwenga, wanawake 15 walizikwa wakiwa hai, wakituhumiwa kushirikiana na Mai-Mai. Katika mazingira kama haya, nani ni askari aliyefia nchi? Mai-Mai aliyevizia alijiona mlinzi wa ardhi ya baba zake. Wanakijiji ndio waliolipa gharama. Ukoo mmoja wa Kamituga unaweza kuwa na mtoto aliyekufa akiwa Mai-Mai, mwingine aliyekufa katika jeshi la taifa, na wa tatu aliyefunikwa shimoni, kama wale zaidi ya 50 waliokufa machimbo yalipoporomoka Kamituga tarehe 11 Septemba 2020.

Ikiwa ukoo huo unawakumbuka watoto wake, siku inayotumika ni 1 Agosti, Sikukuu ya Wazazi. Asubuhi watu huenda makaburini kufyeka nyasi na kusafisha. Mchana hula pamoja. Mwanafunzi hushiriki siku hii bila kuhimizwa na mtu. Lakini askari aliyezikwa Beni au Masisi, au asiyezikwa kabisa, hana kaburi la kufyekwa. Hapo ndipo upungufu unapoonekana: desturi ya nyumbani inahitaji kaburi, siku ya taifa inahitaji shujaa, na askari wa kawaida hana cha kutimiza hata sharti moja.

Soda, mzalendo na shujaa

Lugha inathibitisha jambo hili. Katika Kiswahili cha Bukavu na Kamituga askari huitwa *soda*, wengi wao *basoda*, neno lililotoka katika Kifaransa. Ni neno la kizuizi cha barabarani na la kodi isiyo na risiti, ingawa mama ambaye mwanawe yuko jeshini hulitumia pia. Neno *shujaa* ni la hotubani, na aghalabu huwekewa Lumumba na Kabila. Katika miaka ya karibuni neno *mzalendo* nalo limehama: lilikuwa na maana ya mpenda nchi yeyote, sasa *Wazalendo* ni vikundi vyenye silaha. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba *soda* amekuwa *shujaa*.

Ulinganisho na Tanzania unafaa hapa. Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai inatumia neno moja kwa askari wote waliokufa, na Kaboya, mkoani Kagera, yako makaburi ya waliofia vita vya 1978 na 1979. Hata hivyo tusiikuze tofauti hiyo kupita kiasi. Jeshi hilo lilishinda, liliwakusanya wafu wake, na halikuwa limewafyatulia risasi wanakijiji wa Kagera. Neno *shujaa* lilipata mahali pa kukaa.

Kivu nako neno hilo limepata mahali pa kukaa mara chache. Kanali Mamadou Ndala, aliyeongoza kikosi kilichosaidia kuwashinda M23 mwaka 2013, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014. Vijana walimlilia kwa hiari yao, bila tangazo la serikali. Tarehe hiyo huangukia likizo ya mwaka mpya, wakati madarasa ni matupu, nayo si sikukuu. Lakini imedumu vinywani. Vilevile, Rais Tshisekedi alipowaita vijana wajiunge na jeshi Novemba 2022, wengi walijitokeza, wakiwemo wanafunzi wa mashariki. Vijana walewale wanaolaumiwa kuwasahau askari waliokufa walikuwa tayari kuwa askari. Ni vigumu basi kusema kwamba hawajali.

Hitimisho: kukumbuka bila kutukuza

Walega walikuwa na maarifa ambayo chuo kikuu kingeweza kujifunza. Katika chama cha Bwami, kinyago kidogo cha mti kiitwacho *lukwakongo* kilirithiwa kutoka kwa aliyefariki, kikawa kiungo kati ya mwenye kukishika na waliomtangulia. Kumbukumbu ilikuwa na kitu, na kitu kilikuwa na mtunzaji. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na vinyago vingi vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, lakini kanuni yenyewe haijapitwa na wakati: marehemu asiye na mtunzaji hupotea hata kama siku yake imeandikwa katika kalenda.

Pendekezo letu ni la kawaida. Kila mwaka wanafunzi wa historia na wa lugha huko Bukavu huandika tasnifu za kumalizia masomo. Wachache wao wakielekezwa kwenda kwao, Kamituga, Mwenga au kwingineko, na kuandika kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani majina ya waliotoka kijijini wakaingia vitani wasirudi, baada ya miaka michache tutakuwa na daftari ambalo hakuna serikali iliyowahi kulitunga. Wapagazi wa 1916 hatutawapata wote. Wajukuu wao wapo. Makadogo wa 1996 mama zao wengi wangali hai. Kituo cha utafiti cha CERUKI, kilichoko katika Chuo cha Ualimu, kingefaa kulihifadhi, hasa kwa kuwa nakala zaidi ya moja zitahitajika katika mji uliotekwa mara nyingi.

Pingamizi moja ni zito na halipaswi kukwepwa. Daftari kama hilo litamweka mtu aliyefia kijiji chake karibu na mtu aliyekitesa kijiji kingine kabla ya kufa. Familia za Kasika zina haki ya kuuliza kwa nini majina fulani yaandikwe. Jibu letu ni kwamba kuandika jina pamoja na habari zake, alikoingia, kwa kulazimishwa au kwa hiari, alikopigania, lililosemwa juu yake na wanaomlilia na wanaomlaumu, si kumtukuza. Daftari la namna hiyo halimpi mtu nishani wala halimfutii hatia. Linamtoa tu katika lile rundo la wasio na jina, ambalo ndilo limewarahisishia watawala wote kuwatumia vijana wa Kivu na kuwasahau.

Na siku ya kuyasoma majina hayo haihitaji kutangazwa upya. Tarehe 1 Agosti ipo, na watu tayari huenda makaburini asubuhi. Siku inayofuata, tarehe 2, ni ya wahanga wa vita. Majina ya wasio na kaburi yakisomwa kati ya siku hizo mbili, askari atakuwa amewekwa mahali anapostahili katika historia yetu: baada ya wazazi waliomlilia, na kabla ya raia ambao kwa ajili yao, au kwa mikono yake, tunaendelea kuhesabiana.